Sifuri ya Ngassa

Nyakahura,
2 Juni 2024

Mke wangu Esperansia,

Natumaini ulifika Mabawe salama na mguu wa mama umeanza kukubali mkongojo. Mpe pole zangu, umwambie asiwe na haraka ya kurudi shambani, migomba haitamkimbia. Sisi huku tuko wazima. Yule ndama mwekundu niliyempandikiza mama yake kwa mbegu ya mrija amewapita wenzake wote, na baba anamwonyesha kila mgeni kana kwamba alimzaa yeye.

Barua hii nimeianza mara tatu. Kusema kwenye simu nimeshindwa, kwa hiyo nampa Telesfori aje nayo kwenye gari lake. Yeye si mtu wa kufungua vya watu.

Esperansia, shule ikifunguliwa usirudi huku. Omba uhamisho. Ngara walimu wanahitajika siku zote, na ukisema unamuuguza mama yako hawatakukatalia. Miaka sita umekaa kwetu bila mtoto, umesemwa vya kutosha. Una miaka thelathini tu. Ukiolewa na mtu mwingine utazaa. Sikulaumu kwa lolote, na hilo nataka ulijue.

Baba na baba mkubwa Bartholomayo wamekwisha nitafutia binti. Anaitwa Limi, wa mzee Malongo wa Lusahunga. Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya tarehe 22, kisha watapeleka posa. Sikuwakatalia. Usiniulize kwa nini.

Vitu vyako nitavifunga vizuri.

Mumeo,
Ngassa Maduhu


Mabawe,
5 Juni 2024

Ngassa,

Mguu wa mama unaendelea vizuri. Salamu zimeishia hapo.

Umenipigia mara nne tangu jana na sikupokea, wala sitapokea. Kwenye simu utalia, nami nitalia, kisha mtandao utakatika na kila mtu atabaki na lake. Umeanza kwa barua, basi tuendelee kwa barua. Nataka kila unalolisema liwe na tarehe na sahihi yako chini.

Unasema hunilaumu kwa lolote. Sasa naondoka kwa kosa la nani? Mimi nimepimwa mara mbili. Nimetolewa damu, nimepigwa picha, nimeambiwa mirija yangu iko wazi na mayai yanakuja kwa wakati wake. Niliporudi na majibu, mama yako alisema vipimo vya siku hizi vinadanganya, na wewe ulikuwepo, ukaendelea kumega ugali. Sikusahau. Wake wote wa pale nyumbani wanaitwa mama fulani, mimi naitwa Mwalimu, na jinsi mama yako Kwandu anavyolivuta hilo neno, hata mbuzi zizini wanajua kwamba natukanwa.

Nina swali moja tu. Tarehe 28 Mei uliondoka alfajiri na deli la chanjo kwenye pikipiki. Ulisema unakwenda Nyantakara kuchanja kuku kideri. Jioni Fideli wa Nyantakara alipita nyumbani kuuliza ni lini utafika kumchanjia kuku wake. Nilimpa maji ya kunywa, nikanyamaza. Ulikuwa wapi?

Usiponijibu nitakuja mwenyewe tarehe 22. Nitakaa kwenye mkeka katikati ya kikao chenu na nitauliza mbele ya baba mkubwa.

Mimi ambaye bado ni mkeo,
Esperansia


Nyakahura,
8 Juni 2024

Esperansia,

Basi soma, na ukishasoma utaona kwamba nilikuwa nakuhurumia.

Nilikwenda Biharamulo mjini kupima mbegu zangu. Nilitaka kujua kabla hawajaniletea mke mwingine. Nakala ya majibu nimeiweka humu ndani. Ujazo, mililita tatu. Idadi, milioni arobaini na moja kwa kila mililita. Hapo nilifurahi. Kisha ukishuka mstari unaofuata wameandika mwendo, sifuri. Kijana aliyekuwa dirishani aliniambia, "Hazitembei hata moja, kaka, pole," akamwita mtu mwingine.

Unajua kazi yangu. Napandikiza ng'ombe wa watu kuanzia huku mpaka mpakani kwenu. Mbegu isiyotembea kwetu ni maji. Tukiyeyusha mrija tukakuta ziko hivyo, tunautupa na hatumwambii hata mwenye ng'ombe. Mimi ni mrija wa kutupwa, Esperansia, na hakuna wa kunibishia, maana kazi hii naijua.

Wala usidhani nilifanya mchezo. Kichupa walinipa siku ya kwanza, wakasema nikilete asubuhi na mapema. Nilikitunza kuliko ninavyotunza chanjo. Nilikiweka kwenye deli katikati ya vipande viwili vya barafu, nikafunga mkanda, nikaendesha taratibu saa mbili nzima nikikwepa kila shimo. Hata mbegu za madume ya serikali sijawahi kuzibeba kwa heshima ile.

Nikiwaambia wazee nitachekwa mnadani mpaka nife. Fundi anayepandisha ng'ombe wa kata nzima, mwenyewe hana kitu. Kwa hiyo nimeona wewe uende ukazae, na mimi nibaki na siri yangu. Limi akija akakosa mtoto, watasema ni bahati mbaya.

Naomba unielewe.

Ngassa


Mabawe,
10 Juni 2024

Kwa Mtaalamu S. Habibu,
Maabara, Biharamulo

Ndugu Mtaalamu,

Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana. Jina lako nimelikuta chini ya karatasi ya majibu ya mume wangu, Ngassa Maduhu. Nakala yake hii hapa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Mambo ya maabara siyajui, ila alama nazijua. Mtoto akipata alama nzuri kwenye hesabu, kisha kwenye kusoma akapata sifuri kabisa, siandiki kwamba ni mjinga. Mjinga hapati sifuri, mjinga hupata tatu au tano kwa kubahatisha. Sifuri ina habari yake. Labda siku ile aliumwa. Labda alikaa nyuma ya mwenzake mrefu asione ubao. Labda karatasi ilimwagikiwa maji. Kwanza namwita, namuuliza.

Hapa naona milioni arobaini na moja, halafu sifuri. Katika hizo zote haikutembea hata moja ya kubahatisha? Mtu huyu aliwahi kuulizwa chochote?

Naomba uniambie ukweli hata kama ni mbaya. Tarehe 22 mwezi huu ndoa yangu inavunjwa kwa ajili ya namba hiyo, na mimi sikubali kuvunjiwa ndoa na namba ambayo haijaulizwa swali.

Wako,
Mwl. Esperansia


Biharamulo,
12 Juni 2024

Mwalimu Esperansia,

Waalaikum salaam, ingawa hukunisalimia. Nimekusamehe kwa sababu nimecheka peke yangu kwenye darubini, jambo ambalo halijatokea mwaka huu. Mimi ni Swabaha, binti Habibu wa duka la vitambaa pale stendi ya zamani. Wengi wakiona S. Habibu wanadhani mwanamume.

Majibu ya mtu ni yake. Hata uwe mkewe, hata uwe mama yake mzazi, siwezi kukuzungumzia karatasi ya fulani, na nakala yako nakurudishia jinsi ilivyo. Usikasirike. Siku ukija wewe kupima, mumeo naye nitamfukuza hivihivi.

Lakini mwalimu akiniuliza kipimo hiki kinavyofanywa, hilo si siri. Shahawa zinatakiwa zitufikie ndani ya saa moja, zikiwa na joto la mwili. Anayetoka mbali namwambia akija kituoni atapewa chumba, afunge mlango. Anayetoka karibu, akitolea nyumbani kwake, kichupa akiweke kwapani au ndani ya shati, kiguse ngozi. Kisikae juani, kisikae kwenye baridi. Mbegu za binadamu zikiwekwa kwenye barafu zinashtuka na kusimama, na nyingi hufa. Ukizihesabu utazikuta zote zipo, ila hutaona hata moja inayotembea. Ukiniletea karatasi yenye idadi nzuri na mwendo sifuri, swali langu la kwanza ni hilo: ilisafirije?

Na kwenye fomu yetu pana nafasi ya kuandika saa iliyotolewa na jinsi ilivyobebwa. Nafasi hiyo isipojazwa, mwenye kosa ni sisi tuliopokea. Naandika hili na nalisaini.

Pamoja na hayo, kipimo kimoja si hukumu. Hata bila barafu, tunapima mara mbili. Homa tu ya miezi miwili nyuma inaweza kuharibu majibu. Mtu anayetaka kurudia akae siku tatu mpaka tano bila kukutana na mwanamke, kisha aje hapa na miguu yake. Baada ya Idi nipo kazini, tarehe 18. Aniulizie mimi, asizungumze na dirisha.

Swabaha Habibu


Mabawe,
14 Juni 2024

Ngassa,

Umeziua kwa barafu.

Nimeisoma barua ya mtaalamu mara mbili, nikacheka mpaka mama akauliza kama nimepata wazimu, kisha nikalia. Milioni arobaini na moja, umezibeba kwa heshima zote mpaka kaburini. Mbegu za watu hazibebwi kama chanjo ya kideri. Zinabebwa kwapani. Mtu mwenye akili timamu angeuliza, ila wewe kazi hii unaijua.

Tarehe 18 nenda Biharamulo, umuulizie Swabaha Habibu, ufanye atakalokwambia. Siku tatu mpaka tano kabla yake usiguse mwanamke, na kwa kuwa mimi niko Mabawe, sitegemei uone ugumu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sicheki tena. Hasira yangu haihusu mbegu. Zingekuwa zimekufa kweli ningekaa na wewe, tungelea mtoto wa ndugu, au tungezeeka wawili tu na mabishano yetu. Hasira yangu ni ile sentensi yako, kwamba Limi akikosa watasema ni bahati mbaya. Hawatasema bahati mbaya, Ngassa. Watasema alivyosema mama yako kwangu. Ulikuwa tayari kumchukua binti wa watu, umweke pale nilipokaa mimi, umsikilize akitukanwa miaka sita, huku jibu likiwa mfukoni mwako. Hiyo uliita huruma.

Kwa hiyo tarehe 22 utasimama kikaoni na utasema. Usiende na karatasi, nenda na mdomo. Majibu mapya yakiwa mazuri na ukayatanguliza, watasema, "Kumbe kijana mzima, basi ni Mwalimu." Yakiwa mabaya, watayafunika kama ulivyotaka kuyafunika wewe. Mimi sitoki kwenye ndoa kwa karatasi na sirudi kwa karatasi. Nataka useme ulilolijua na ukanyamaza.

Usiposema, uhamisho nitauomba mwenyewe.

Esperansia


Nyakahura,
19 Juni 2024

Mwalimu wangu,

Nimekwenda. Yule dada ni mkali kuliko wewe, mnafaa kuanzisha jeshi. Aliniingiza kwenye chumba chenye kiti, ndoo na picha ya maporomoko ya maji, akaniambia, "Kaka, hapa hakuna barafu, usiitafute." Nilitaka ardhi inimeze.

Nilibishana naye kidogo. Nilimwambia mbegu za madume tunaziweka kwenye mtungi wa naitrojeni, baridi inayoweza kukatisha kidole, zinakaa miaka na ng'ombe wanashika mimba. Akaniuliza zinawekwa na nini kabla ya kugandishwa. Nikasema zinachanganywa na kiini cha yai na dawa, tena zinashushwa baridi polepole kwa mashine. Akaniuliza, "Na wewe za kwako ulizichanganya na yai la nani?" Miaka tisa nafanya kazi hii na sikuwahi kuliwaza hilo.

Majibu amenipa leo kwenye bahasha iliyofungwa. Sijaifungua. Nimempa Telesfori akuletee wewe, uifungue, unipigie simu kabla ya Jumamosi. Nikijua kilichomo nitajua namna ya kuongea. Najua ulivyoandika, lakini mtu hawezi kwenda mbele ya baba mkubwa Bartholomayo mikono mitupu.

Kuhusu Limi, umesema kweli. Nimeona aibu kubwa. Tangu nisome hayo maneno sijaweza kumtazama mama usoni.

Ngassa


Mabawe,
21 Juni 2024

Ngassa,

Bahasha hiyo nairudisha kama ilivyokuja. Mama ameshuhudia kwamba sijaifungua, na Telesfori ameambiwa akukabidhi mkononi.

Sifungui. Nimekwambia uende na mdomo. Simu nimeizima mpaka Jumapili.

Esperansia


Nyakahura,
23 Juni 2024

Mke wangu,

Nimesema.

Walianza na habari ya posa, nani aende, nani ashike fimbo. Nikaomba nafasi, nikasimama mbele yao. Nikawaambia kwamba mwezi uliopita nilipimwa nikaambiwa mbegu zangu hazitembei, nikanyamaza, nikamwandikia mke wangu aende zake ili nyie mwendelee kudhani ni yeye. Nikawaambia na habari ya barafu. Nilidhani watanihurumia. Wadogo zangu walicheka mpaka wakatoka nje.

Baba mkubwa aliona bahasha mfukoni. "Fungua hiyo kalatasi tujue moja." Nikamwambia siifungui hapa. Akasema ukoo una haki. Nikamwambia, "Baba mkubwa, ikisema mimi mzima mtamrudia Esperansia. Ikisema mgonjwa mtanificha na kumleta Limi. Majibu yoyote mtakayoyapata, kuna mwanamke atakayeumia. Sifungui, na mke wa pili sitaki, mwaka huu wala mwaka kesho." Alisema nimerogwa na Wahangaza wa kwenu. Nikamwambia ndiyo, tena miaka sita iliyopita, kanisani, mbele yake.

Mama alisimama akaondoka bila kuaga. Baba alikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Alikaa akichora chini kwa fimbo, na alipoinuka aliufuta ule mchoro kwa mguu. Sijui ana nini moyoni.

Leo asubuhi nilikwenda Lusahunga kwa mzee Malongo kabla watu hawajamfikishia yaliyopotoshwa. Nilimwambia binti yake asisubiri wageni kutoka kwetu, na kosa si lake wala la mtu wa kwao. Mzee alinikaripia vya kutosha, nikavumilia. Wakati natoka, Limi alikuwa anaanua mahindi. Akaniambia, "Kaka, sikuwa nataka," akaendelea kuanua.

Nilipofika barabarani nilisimamisha pikipiki nikafungua bahasha. Idadi, milioni thelathini na nne. Zinazokwenda mbele ni ishirini na sita katika kila mia. Kwenye karatasi wameandika kwamba kiwango cha chini ni thelathini. Kwa hiyo nimefeli, Mwalimu, kwa alama nne. Lakini dada Swabaha alikuwa ametia kikaratasi chake ndani, nakunakilia kilivyo:

"Kaka Ngassa, usiisome hii kama mtihani, na mkeo mwambie hivyohivyo maana najua atatafuta kalamu nyekundu. Huo mstari wa chini si alama ya kufaulu. Walipimwa wanaume waliowapa wake zao mimba ndani ya mwaka mmoja, wakapangwa kuanzia wa juu mpaka wa chini, na mstari ukachorwa palipobaki watano wa mwisho katika kila mia. Hao watano walikuwa chini ya mstari, na wote walikuwa baba. Wewe uko chini kidogo. Maana yake inaweza kuchukua muda mrefu, inaweza pia isitokee, na mimi si mtabiri. Rudi baada ya miezi mitatu. Acha sigara, na suruali za kubana waachie wanamuziki. Njoo na mkeo, daktari awaone wote wawili pamoja."

Basi ndivyo nilivyo. Si mzima kabisa na si maiti. Sijui kama tutapata mtoto. Nimechoka kujifanya najua.

Mnadani wameanza kuniita Barafu. Wa kwanza alidhani nitageuka na ngumi. Nimeitika, nikamuuliza ng'ombe wake anaendeleaje.

Vitu vyako nilikuwa nimevifunga kwenye mfuko wa salfeti. Nimevifungua, nimevirudisha mahali pake. Rudi ukitaka. Usipotaka pia nitakuwa nimesema.

Mumeo,
Ngassa


Nyakahura,
25 Juni 2024

Mke wa mwanangu,

Pokea salamu. Baba mkwe hamwandikii mkamwana mambo kama haya, kwetu ni mwiko, lakini naona siku hizi nyumba yangu inaongozwa kwa barua, nami nimeona niandike. Nilisoma ngumbaru, mwandiko uvumilie.

Mwanangu amenivua nguo mbele ya ndugu zangu. Usiku huo nilitaka kumfukuza. Sikumfukuza, na sababu yake naitoa kwako peke yako.

Ngassa alizaliwa mwaka wa tisa wa ndoa yangu. Miaka minane tulikaa bila mtoto, tukiwa bado Shinyanga. Mke wangu Kwandu alisemwa na mama yangu, akasemwa na dada zangu, akanyweshwa mizizi mpaka akakonda. Mara mbili alirudishwa kwao. Mimi kabla ya Kwandu niliishi na mwanamke mwingine miaka mitatu, hakushika mimba. Alipoachana nami akaolewa Kahama, akazaa watoto wanne. Nilikwenda msiba wa huko, nikawaona wale watoto. Kwa hiyo nilijua. Tangu mwaka wa pili wa ndoa nilijua. Nikanyamaza, na mama yangu akafa akimwita Kwandu kisiki.

Jumamosi nilimtazama mwanangu akiyasema yale mbele yetu sote, nikajua kwamba kitu kile mimi sikukiweza.

Rudi nyumbani. Hakuna atakayekuuliza habari ya mtoto, nimekwisha waambia. Bartholomayo naye nimemwambia. Barua hii ukishaisoma uichome moto.

Maduhu


Mabawe,
27 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na mwandiko unasomeka vizuri kuliko wa mwanao.

Asante kwa kuwanyamazisha watu. Nilikuwa nimeamua kurudi kabla haijafika, kwa sababu Ngassa alisema bila kujua kilichomo kwenye bahasha, na hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Mguu wa mama sasa unamchukua mpaka kisimani. Jumatatu shule inafunguliwa na darasa la pili wanajua kuhesabu mpaka sitini tu, tulikuwa hatujamaliza.

Lakini barua yako sijaichoma, wala sitaichoma, na naomba unisamehe kwa nitakayosema, maana hakuna mkamwana aliyewahi kumwandikia mkwe wake hivi na labda hatatokea mwingine.

Kwa nini umeniambia mimi? Mimi sikunywa mizizi. Mimi sikurudishwa kwetu mara mbili. Miaka sita mama Kwandu alinitafuna, na kila siku nilijiuliza mwanamke anawezaje kumfanyia mwanamke mwenzake hivi. Sasa nimejua alikofundishwa. Jumamosi ile alipoinuka akatoka kikaoni, wote mlidhani ana hasira na mwanawe. Mimi nadhani alikuwa anasikia, kwa mara ya kwanza, kwamba mwanamume anaweza kusema maneno yale, na akamtazama wa kwake akichora chini kwa fimbo.

Una miaka arobaini na zaidi na yeye ndani ya nyumba moja. Umeniandikia mimi niliye mbali, ukaniambia nichome.

Jumamosi saa sita nashuka Nyakahura na gari la Telesfori. Nitasalimia watu, nitanawa, kisha nitakwenda kukaa jikoni kwa mama. Nikimkuta umekwisha mwambia, barua yako nitakurudishia mkononi na sitaitaja tena maisha yangu yote. Nikimkuta hujamwambia, nitamsomea. Yeye hakupelekwa shule, baba, lakini mimi nasoma kwa sauti, ndiyo kazi yangu.

Una siku mbili.

Mkamwana wako,
Mwalimu Esperansia